Mwili Wako Si Adui wa Roho Yako

Somo: 1 Wafalme 19:1-18
Soma pia: 1 Samweli 1:1-18, Wakolosai 2:20-23, 1 Wathesalonike 5:23



Juma hili tunaangalia swali ambalo watu huuliza baada ya ibada, na mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini: "Pastor, hii shida yangu ni ya mwili ama ni ya roho?" Mama hajapata usingizi wiki tatu. Kijana aliyekuwa mpole amegeuka mkali, kila neno anajibu kwa hasira. Mzee anatoka shambani na kusahau njia ya nyumbani, ilhali ameipita miaka arobaini. Mama mwingine amejifungua, mtoto ni mzima, lakini yeye analia tu na hataki hata kumshika. Kila mmoja wao anataka kujua aelekee wapi. Aende hospitali, ama aende mlimani kuomba?

Nyuma ya swali hilo kuna wazo ambalo wengi wetu tumelibeba bila kulipima. Tunafikiri mtu ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Chumba kimoja ni cha daktari na kingine ni cha mchungaji, na ukishajua shida iko chumba gani, basi unafunga mlango wa kile kingine. Hebu tulipime wazo hilo kwa Neno, kwa lugha yetu wenyewe, na kwa mambo ambayo tumeyaona kwa macho hapa nchini. Kuna watu wamekufa kwa sababu ya jibu baya la swali hili.

1. Mungu alianza na mkate

Eliya alikuwa ametoka Karmeli. Moto ulikuwa umeshuka, mvua ilikuwa imerudi, na yeye mwenyewe alikuwa amepiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ujumbe wa Yezebeli ukamfikia, naye akakimbia tena hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mretemu akamwomba Mungu amtoe uhai.

Mtu huyu angekuja kwetu leo tungemwambia nini? Wengine tungemwambia imani yake imepungua. Wengine tungeanza kukemea roho ya mauti pale pale. Sasa angalia Mungu alifanya nini. Eliya alilala, na hakuna aliyemwamsha kumhubiria. Malaika alipokuja, alimgusa na kumwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, akataja na sababu: safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake.

Hakuna lawama katika maneno ya malaika, wala hakuna mahubiri. Kuna usingizi, mguso, chakula na maji. Maswali magumu yalikuja baadaye, kule Horebu, na ile sauti ndogo ya utulivu ikaja huko pia. Mungu anayejua alivyomfinyanga mtu alijua kwamba Eliya mwenye njaa na asiyelala hakuwa na sikio la kusikia sauti ndogo. Kwa hiyo alitengeneza sikio kwanza.

Lakini usiishie kwenye mkate. Mkate haukutosha. Alipofika Horebu, Eliya bado alikuwa analalamika kwamba amebaki peke yake. Alihitaji kusikia kutoka kwa Mungu kwamba wako elfu saba wasiopiga goti kwa Baali. Na alihitaji mtu wa kutembea naye, ndipo akapewa Elisha. Chakula na usingizi, Neno, na mwenzake. Hayo matatu yaweke akilini, tutayarudia.

2. Lugha yetu inajua

Swahili tunachozungumza kila siku kinajua jambo hili kuliko sisi wenyewe. Mtu akiogopa matokeo ya mtihani anasema ana tumbo joto. Akisikitika anasema roho inamuuma, naye anaweka mkono kifuani. Akikata tamaa tunasema amevunjika moyo. Akiogopa usiku nywele zinamsimama. Moyo ule ule unaosukuma damu ndio tunaosema unapenda, unasamehe na unakuwa mgumu. Hakuna mtu aliyetufundisha kusema hivyo darasani. Wazee waliona kwamba huzuni ina mahali inapokaa mwilini, wakaipa jina la mahali hapo.

Na Mwanzo 2:7 inasema kitu hicho hicho kwa njia yake. Mungu alichukua mavumbi, akapulizia pumzi, na mtu akawa nafsi iliyo hai. Mavumbi na pumzi vilipokutana, huyo aliyetokea ndiye mtu. Hatukusoma kwamba Adamu alikuwa mahali pengine akingoja, halafu akaingizwa ndani ya udongo kama mtu anayehamia nyumba ya kupanga.

Wako wanafalsafa waliowaza tofauti. Huko Ulaya miaka karibu 400 iliyopita alikuwako Mfaransa aitwaye René Descartes, aliyefundisha kwamba akili na mwili ni vitu viwili vya namna tofauti kabisa: mwili unachukua nafasi na unaweza kupimwa, akili haichukui nafasi, inawaza tu. Mwaka 1643 mwanamke mmoja, Princess Elisabeth wa Bohemia, alimwandikia barua akamuuliza swali rahisi: kama akili haina uzito wala mguso, inawezaje kuusukuma mwili? Waliandikiana miaka mingi na swali hilo halikuisha. Hata leo wenye elimu bado wanalijadili. Lakini Elisabeth aliona pale penye shida. Ukishamkata mtu vipande viwili, kazi ya kuviunganisha tena ni ngumu sana.

Wacha niseme kwa mfano wa hapa kwetu. Matatu ya Nakuru–Nyahururu ikiharibika pale Maili Kumi, dereva anaweza kuiachia fundi, yeye aende kibandani anywe chai. Gari linaumwa, dereva ni mzima. Wewe huwezi kuuacha mwili wako kwa daktari uende kunywa chai. Mwili ukiugua, wewe ndiye mgonjwa. Ukichapwa, wewe ndiye uliyechapwa. Wala mtu akimdhuru mtoto hawezi kujitetea kwamba aligusa mwili tu.

Ndiyo, tunaamini kwamba mwamini akifa yuko na Bwana. Hilo hatuliachi. Lakini tumaini letu la mwisho ni ufufuo wa mwili. Yesu mwenyewe alipofufuka aliomba chakula, akala samaki mbele ya wanafunzi wake, Luka 24. Kama mwili ungekuwa gereza, Pasaka ingekuwa siku ya kumrudisha mfungwa ndani.

3. Neno moja, maana mbili

Hapa ndipo wengi wamepotea, na nitaenda polepole. Mtu akisoma Warumi 8 anakuta kwamba nia ya mwili ni mauti. Akisoma 1 Wakorintho 6 anakuta kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Sasa hekalu linawezaje kuwa mauti?

Jibu liko katika lugha ambayo Paulo aliandika. Kiyunani kina maneno mawili tofauti. Kule Warumi 8 anaposema nia ya mwili, ametumia neno sarx. Kule kwa hekalu ametumia neno soma. Biblia yetu ya Kiswahili imeyatafsiri yote mawili kwa neno moja, mwili. Tafsiri haikukosea, kwa sababu tuna neno hilo moja tu. Lakini msomaji anapaswa kujua. Paulo anapoonya juu ya mwili kwa ile maana ya kwanza, anasema juu ya maisha ya mtu yaliyogeuziwa Mungu mgongo, pamoja na akili yake na mipango yake. Hasemi juu ya tumbo, damu na mifupa.

Ukitaka ushahidi, soma Wagalatia 5 uhesabu yale matendo ya mwili. Ulevi umo, uasherati umo. Lakini uadui pia umo, na wivu, na fitina, na faraka. Wivu unahitaji tumbo gani? Mtu anaweza kulala kitandani bila kula chochote, bila kugusa chochote, na akatenda nusu ya orodha ile akiwa ameangalia dari.

Kwa hiyo mtu akisema, "Mimi nausulubisha mwili," muulize ni upi. Kama ni kiburi na chuki, Amina, tusulubishe pamoja. Kama ni ini na figo alizopewa na Mungu, mwambie asome Wakolosai 2. Pale Paulo anataja watu wanaoutesa mwili kwa ukali na kuonekana wana hekima, halafu anasema jambo hilo halina faida ya kuzuia tamaa.

4. Njaa na akili

Sisi wa Bahati tunaishi kando ya Menengai. Kwa miaka mingi watu wamepanda kule kwenye mapango kufunga na kuomba, na wengine wetu tumejibiwa maombi kule. Kufunga ni kwa Biblia. Yesu alifunga, na Isaya 58 inatufundisha kwamba mfungo anaoupenda Mungu unaishia kwa mwenye njaa kugawiwa chakula. Sitaki mtu asome karatasi hii aseme kanisa limekataza kufunga.

Lakini lazima tujue njaa inafanya nini. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1944 na 1945, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua namna ya kuwasaidia watu waliokonda kwa njaa ya vita. Vijana 36 walijitolea. Walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa ajili ya dhamiri, wengi wao wakiwa waumini wa makanisa ya amani. Kwa miezi sita walipunguziwa chakula, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawa walikuwa wamechaguliwa kwa kuwa wana afya ya mwili na ya akili. Na bado walibadilika. Walikuwa wepesi wa hasira, wenye huzuni, wasiotaka wenzao. Hawakuweza kutuliza mawazo. Waliota chakula, walizungumza chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Wala hawakunyimwa chakula chote, walipunguziwa tu.

Sasa njoo Kenya. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, na watoto walikuwa wengi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Kulingana na mashtaka, waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka. Mambo ya hukumu ni ya mahakama. Yetu ni kujifunza.

Watu wengi waliuliza: hawa walikuwa hawana akili? Kwa nini hawakuamka wakaondoka? Ukikumbuka wale vijana wa Minnesota, utaliona jibu moja. Njaa hula mwili, na pia inakula ule uwezo wa akili wa kupima na kusema hapana. Siku ya kwanza mtu anaweza kubishana na mhubiri. Siku ya kumi hana nguvu za kubishana na nzi. Mafundisho yanayosema mwili hauna maana yanachukua kwanza kile chombo ambacho mtu angekitumia kuyakataa. Na mtoto hakuwa na nafasi ya kubishana hata siku ya kwanza.

Kwa hiyo katika kanisa hili tuelewane. Hakuna mtoto wa kufungishwa. Mama mjamzito na anayenyonyesha asifunge chakula. Mwenye sukari, mwenye kifafa, na anayemeza dawa kila siku aongee na daktari kabla ya mfungo wowote, wala asiache dawa ili afunge. Na mtu asifunge maji. Binadamu bila maji hufa kwa siku chache tu, na Mungu hakuomba hayo. Ukitaka kufunga na mwili hauruhusu, funga simu. Funga maneno. Hizo nazo ni njaa, na zingine ni kali kuliko ya ugali.

5. Akili nayo inauongoza mwili

Tumeona mwili ukivuta akili. Kamba hiyo inavuta pande zote mbili. Hana mke wa Elkana alikuwa na tumbo lake zima na chakula mezani, lakini alilia na hakula, kwa sababu ya maneno ya mwenzake. Hakukuwa na mdudu wala homa, yalikuwa maneno. Akaenda hekaluni akamimina moyo, kuhani Eli akamtakia amani, na tunasoma kwamba alienda zake akala, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Mtoto alikuwa bado hajapatikana. Jibu lilikuwa bado njiani, ila mwili ulikuwa umeshapona njaa yake.

Linganisha Eliya na Hana. Eliya alikula kwanza ndipo akaweza kuomba vizuri. Hana aliomba kwanza ndipo akaweza kula. Mungu hakuwalazimisha waingie kwa mlango mmoja.

Tunayajua haya hapa kwetu. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai, si mbali na sisi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mtu aliyenusurika usiku kama ule anaweza kusikia mvua kubwa ikipiga mabati miaka mingi baadaye, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kabla hajawaza lolote. Kadhalika waliofukuzwa makwao mapema mwaka 2008, wakalala kwenye hema pale Uwanja wa Maonyesho Nakuru. Kila uchaguzi ukikaribia kuna wazazi wasiolala, wenye maumivu ya kichwa na mgongo ambayo picha za hospitali hazionyeshi kitu.

Usimwambie mtu kama huyo kwamba anajifanya. Hofu ina njia zake mwilini. Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unapiga haraka, damu inaelekea kwenye miguu ili mtu akimbie, na tumbo linasimamisha kazi yake. Ndiyo lile tumbo joto. Hiyo ni zawadi ya Mungu kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Lakini mwili unaokimbia kila usiku bila nyati unachoka. Huzuni kubwa ya ghafula inaweza hata kudhoofisha moyo wenyewe, nyama yake ikalegea. Madaktari wa Japani walieleza hali hiyo mwaka 1990. Ukisoma habari za Nabali katika 1 Samweli 25, aliyepata habari mbaya moyo wake ukawa kama jiwe, akafa siku kumi baadaye, utaona kwamba Biblia haikushangazwa na mambo haya.

6. Je, basi hakuna dhambi?

Mtu mwenye akili atauliza sasa: "Kama hasira inaweza kutoka kwa sukari ya damu, na huzuni kwa tezi ya shingo, je, si kila mlevi atasema ni mwili wake? Toba inabaki wapi?"

Swali ni zuri, na si la kukwepa. Kwanza tukubali ukweli. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari, sukari ikishuka sana, anaweza kutoa jasho, kuongea maneno yasiyoeleweka, hata kupigana. Mpe kitu kitamu mapema, atarudi. Tezi ya shingo ikipunguza kazi, mtu anachoka, anasikia baridi, anasahau, anahuzunika. Malaria ikipanda kichwani mtu anapayuka. Mzee akipata maambukizi ya njia ya mkojo anaweza kuchanganyikiwa ghafula, na watoto wake wakasema amerogwa. Kumwita mtu kama huyo mwenye dhambi au mwenye pepo bila kumpima ni kumshuhudia jirani uongo.

Kifafa nacho. Ni kweli katika Marko 9 kuna kijana aliyeanguka kwa sababu ya pepo, na Yesu alimtoa. Lakini soma Mathayo 4:24. Pale wenye pepo wametajwa, na wenye kifafa wakatajwa kando. Mathayo alijua ni watu wa aina mbili. Sisi tusiwe wa kuwachanganya. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa. Kuna kifafa kinachotokana na mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Choo safi na kunawa mikono kunaweza kukinga mtoto na kifafa hicho.

Pili, kujua sababu ya jambo hakufuti wajibu. Kunauhamisha na kuugawa. Aliyelewa hakuweza kuendesha gari sawasawa, ndiyo, lakini alijua hivyo alipoinua chupa ya kwanza. Mwenye hasira za uchovu anaweza asiweze kujizuia saa tatu usiku, lakini saa nne asubuhi anaweza kuamua alale mapema, na anaweza kuomba msamaha. Wajibu wa mtu unaanza pale nguvu zake zinapoanza, na Mungu pekee ndiye anayepima mpaka huo bila kukosea. Sisi tunaona nje tu.

Tatu, wajibu mwingine ni wetu. Mume anayejua mke wake hajalala tangu mtoto azaliwe, na bado anangoja kupakuliwa chakula, sehemu ya machozi yale ni yake. Mwajiri asiyempa kibarua muda wa chakula cha mchana asishangae akikosewa hesabu jioni. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa. Januari 2025 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Eliya chini ya mretemu alitamani kufa, na mbingu haikumpelekea askari. Kanisa lisiwe kali kuliko mahakama.

Na kuna swali la mwisho ambalo mgonjwa hujiuliza peke yake: "Kama nimepata amani baada ya kumeza tembe, hiyo amani ni ya Mungu ama ya kiwanda?" Mpendwa, ukivaa miwani ukasoma Zaburi vizuri, miwani haikuandika Zaburi. Imekusaidia kuona kilichoandikwa. Eliya alitembea siku arobaini kwa nguvu za chakula kile, na bado ni Mungu aliyempeleka Horebu.

7. Tufanye nini?

Sasa rudini kwenye yale matatu ya Eliya.

Mkate na usingizi. Mtu akikuletea mzigo, kabla hujamwekea mikono muulize: umekula? Unalala? Unameza dawa gani, na uliacha lini? Umepimwa presha na sukari? Haya ni maswali ya kiroho. Yesu alipomfufua binti Yairo, neno lililofuata ni kwamba apewe chakula, Marko 5. Isaya aliyekuwa nabii alimwekea Hezekia mkate wa tini juu ya jipu. Paulo alimpa Timotheo shauri la tumbo lake.

Neno. Tunaomba kwa ajili ya wagonjwa, tutaendelea kuomba, na Mungu anaponya. Lakini Yesu aliwaambia wenye ukoma waende wakajionyeshe kwa makuhani, maana katika Walawi 13 kuhani ndiye aliyekuwa mpimaji. Kwa hiyo ukiamini umeponywa, nenda ukapimwe. Endelea na dawa mpaka aliyekuandikia aseme uache. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafula inaweza kuleta degedege lisilokatika, na mtu akafa. Kipimo hakiwezi kumwaibisha Mungu. Kikisema umepona, una ushuhuda wenye karatasi. Kikisema bado, tunaomba tena, na wewe bado uko hai wa kuombewa.

Mwenzake. Usimwache mtu peke yake. Eliya alimwacha mtumishi Beer-sheba, na mambo yakazidi. Anayesema amechoka kuishi, keti naye, usimhubirie haraka, umpeleke hospitali ukiwa umemshika mkono, ungoje naye kwenye foleni. Kile kiti cha foleni ni mahali pa huduma kama madhabahu.

Paulo anawaombea Wathesalonike wahifadhiwe kikamilifu, roho na nafsi na mwili pamoja, mpaka kuja kwa Bwana. Ametaja vyote vitatu katika ombi moja. Tukimwombea mtu, tumwombee vivyo hivyo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika nyumba yako, nani hulala mwisho na kuamka wa kwanza? Mnaweza kumpunguzia nini wiki hii?
2. Linganisha Eliya na Hana. Wewe shida ikikujia, unaingia kwa mlango gani?
3. Je, kuna mtu katika kundi lenu aliyeacha dawa? Mtamfikiaje bila kumwaibisha mbele ya watu?
4. Soma Wagalatia 5:19-21. Ni matendo gani ambayo mtu anaweza kuyatenda hata akiwa anafunga?

Ombi

Baba, ulitufanya kwa mavumbi na pumzi, na wewe unayajua mavumbi yetu. Wape usingizi wasiolala. Wape hekima madaktari na wauguzi wa Bahati na Nakuru. Walinde watoto wasiumizwe kwa jina lako. Utufanye tuwe watu wa kuleta mkate na maji kwa aliyechoka, tukae naye mpaka aweze kusikia sauti yako. Katika jina la Yesu. Amina.